Otilia Cornelio, Aliyepima Macho kwa Maua

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kikombe cha chokoleti kikipoa mtakipasha baadaye. Leo tunamkumbuka Doña Otilia Cornelio, mpima macho wetu hapa San Jacinto, tuliyemzika Jumanne. Mpima macho wetu, Otilia.

Alisomea Mexico City, akarudi nyumbani. Wenzake walimcheka, ati kijijini atampima nani? Akafungua chumba nyuma ya duka la nyuzi, chumba kisicho na dirisha, akatundika ubao wa herufi kama alivyofundishwa. Waliokuja ni watarizi, macho yamewachoka kwa maua madogo, na wengi hawakujua kusoma. Doña Chepa aliukodolea ubao, kisha akasema, "Mwanangu, hata nikiziona hizo, hatujatambulishwa."

Otilia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wiki hiyohiyo akatarizi kitambaa cha kupimia. Maua makubwa juu, madogo chini kama ufuta, kila ua na idadi yake ya petali. "Shika, hesabu." Ndivyo alivyowapima watarizi. Kwa maua. Aliyekosea alipata miwani. Mwenye mtoto wa jicho alipelekwa hospitali mjini, na Otilia mwenyewe ndiye aliyemshika mkono kwenye basi.

Mtu mmoja hakukosea kamwe: mama yake, Doña Fidela. Kila mwaka alihesabu kwa jicho hili, akahesabu kwa lile, kisha akamtania binti yake. "Mimi niliyekufundisha kushika sindano, leo unanipima mimi?" Chombo cha kupimia presha ya macho alikikataa katakata. Kinapuliza upepo, alisema, na upepo huleta maradhi. Otilia akachoka kubishana naye, akamwacha. Mganga hajigangi, wala wa nyumbani mwake hawagangiki.

Basi alasiri moja ya mvua, Doña Fidela alikuwa kitini, jicho la kushoto amelifunika kwa kiganja, kitambaa kiko mapajani. "Tano. Sita. Hili nne." Umeme ukakatika. Chumba kikawa giza totoro. Yeye akaendelea, "Tano. Hili saba, tena ulilitarizi ovyo."

"Mama," Otilia akasema taratibu, "umeme umekatika."

Mama akauliza, "Tangu saa ngapi?"

Wasikilizaji wapendwa, vidole vya mtarizi vinaona. Doña Fidela alikuwa akihesabu kwa vidole. Jicho lake la kulia lilikuwa limekufa. Presha ya macho ililila polepole, bila maumivu yoyote, naye akanyamaza. "Ningekwambia, ungeninyang'anya sindano," alimwambia binti yake.

Don Nabor, mdogo wake Otilia, anaikumbuka jioni ile. "Dada alilia, akakitupa kitambaa chini. Akasema, 'Mimi mjinga gani, Nabor? Watu wenye macho vidoleni, nimewapa kitambaa washike!'"

Kesho yake kitambaa kikawekwa nyuma ya kioo. Watarizi wote wakaitwa upya, na wengine wakakutwa na siri ileile. Mama akapelekwa hospitali, safari hii bila kuulizwa. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuliwa, lakini liliwahiwa. Tangu hapo kila jioni Otilia alimtia mama matone ya dawa, mvua inyeshe, sikukuu iwe. Doña Fidela akarudi kwenye sindano zake, kwa jicho moja na ubishi wa watu wawili.

Sasa moyo wa Otilia umesimama ghafla, mama yake bado yuko. Inauma, jamani. Inauma sana.

Jioni ya mazishi nyumba ilijaa watu. Wanawake wanapakua mchuzi mzito wa mole, wanaume wanapanga viti, hakuna aliyekumbuka. Doña Fidela akagonga meza kwa kiganja.

"Nani ananitia dawa leo? Mwanangu amekufa. Jicho lake aliloliokoa msiliue."

Don Nabor akaenda kunawa mikono. Matone mawili ya kwanza yalimwagikia shavuni mwa mama.

Familia ya Cornelio, poleni. Doña Fidela, pole sana, mama yetu. Na wewe unayetarizi huku ukitusikiliza, weka sindano chini kidogo. Ziba jicho moja, tazama. Sasa ziba lingine. Kama kuna lisiloona, sema leo. Usimdanganye mwanao.