Mkutano wa Mogogosiek Ambao Haukufanyika

Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena na tena, na chamgei kwenu nyote, wazee wa kanisa, akina mama, na ninyi vijana mlioketi kule karibu na mlango. Kwa majina naitwa Weldon, mume wa Emily, baba ya Kiptoo na dada zake wawili. Wengi mnanijua kama yule mtu wa shirika anayeita mikutano ya wakulima. Nimesimama hapa kwa sababu Mungu amenitoa mahali. Hakunitoa kwa pombe, wala kwa ugonjwa. Amenitoa kwa uongo wangu mwenyewe!

Ndugu zangu, kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa msimamizi wa miradi. Mradi ukija, wa chemchemi au wa maziwa, mimi ndiye nilipanga nani afanye nini na lini, nikaandika kumbukumbu za mikutano, nikatuma ripoti kwa wafadhili. Ripoti moja ilinichukua wiki mbili, na katika hizo wiki mbili hakuna mtu alithubutu kunisumbua. Nilijiona wa maana. Ofisini Kericho tulikuwa wasimamizi watatu. Mmoja wetu alikuwa Beatrice, mama wa Fort Ternan, ambaye tulianza kazi naye mwezi mmoja.

Halafu ikaja hii AI. Si mnaijua, unaiuliza kitu kwa maneno ya kawaida, nayo inakuandikia. Siku moja mkurugenzi wetu, Madam Njoki, alituita ofisini kwake, akaiambia iandike ripoti ya miezi mitatu. Ndugu zangu, chai yangu haikuwa hata imepoa! Niliona kurasa zikijaa, na maneno yake yalikuwa matamu kuliko yangu. Wenzangu walicheka kwa furaha. Nami nilicheka, lakini moyoni nikawa najiuliza. Kama kazi yangu ni hiyo, na hiyo imeisha, mimi ni nani?

Miezi michache baadaye tukaambiwa kwamba wasimamizi watatu watabaki mmoja. Tuombe kazi upya, na kila mtu aeleze anaijua AI kiasi gani. Beatrice aliandika ukweli, kwamba anajua kidogo na yuko tayari kufundishwa. Aliniambia mwenyewe tukila githeri. Mimi niliandika kwamba ni mtaalamu, kwamba nimeendesha miradi mizima kwa AI. Ule mpango wa mfano waliotaka, nilitengenezewa na jamaa mmoja wa cyber, lile duka la kompyuta na mtandao pale mjini. Nikapewa kazi! Mwenzetu wa tatu akaenda Nakuru kutafuta maisha. Beatrice akaweka vitu vyake kwa katoni, akanipa mkono, akasema, "Weldon, Mungu akusaidie. Hii kazi ni kubwa."

Nikajibu amina. Kwa mdomo huu huu, watu wa Mungu!

Hapo ndipo mateso yakaanza. Kila saa ya chakula nilikimbia cyber na karatasi za ofisi. Simu ikilia, natoka nje kuipokea. Niliambiwa nifundishe maafisa wa nyanjani. Nikasema stima imepotea, wiki iliyofuata nikasema mtandao ni mbaya, wiki ya tatu nikasema tumbo. Na tumbo lilikuwa linauma kweli. Nilikonda mpaka Emily akaniuliza, "Baba Kiptoo, unaugua nini?" Nikamwambia ni kazi tu. Maombi niliomba, tena kwa kufunga. Lakini mnajua nilikuwa naomba nini? Nilimwomba Mungu anisaidie kuficha!

Wakati huo tulikuwa na mradi wa kupoza maziwa huko Mogogosiek. Mfadhili alitaka kujua kama wakulima wanakubali kuleta maziwa ya jioni kituoni pamoja na yale ya asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuketi nao na kuwasikiliza. Sikwenda. Wiki hiyo yote nilikuwa nakimbizana na karatasi zingine. Nilimpa yule jamaa wa cyber mistari miwili ya kuanzia ripoti, kwamba wakulima wamehusishwa na wako tayari. Mashine, yaani hiyo AI, ikajaza yenyewe iliyobaki. Ikaandika kwamba mkutano ulifanyika, watu walikuwa wengi, mwenyekiti akafungua kwa maombi, na wote wakakubali kwa sauti moja. Ilikuwa safi sana. Nikaweka sahihi bila kusoma hadi mwisho.

Madam Njoki aliisoma akafurahi, akasema, "Hawa watu lazima tuende tuwashukuru." Ningemzuia na nini? Njia yote mvua ilikuwa inanyesha, nami naomba gari liharibike. Halikuharibika.

Wakulima walikuwa wametungoja kwenye kibanda cha kupimia majani chai. Mwenyekiti wao ni Mama Chelang'at, mnamjua, mama wa kanisa hili. Madam akasimama akasema, "Nimekuja kuwashukuru kwa ule mkutano wenu. Nimesoma jinsi mlivyokubali kuleta maziwa ya jioni."

Kisha mzee mmoja akauliza, "Mkutano gani, madam? Maziwa ya jioni si ya kuuza. Hayo ni ya akina mama na watoto. Ni nani alikubali?"

Jasho lilinitoka kwenye ile baridi! Mama Chelang'at akaniangalia. Nafikiri aliona kila kitu usoni mwangu. Akamgeukia madam, akasema polepole, "Labda tulikutana. Sisi wazee tunasahau. Si ndivyo, Weldon?"

Ndugu zangu, alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema "ndivyo" tu, ningepona siku hiyo. Lakini niliona nimemfikisha mama mcha Mungu mahali pa kusema uongo ili anifunike, na watoto wa Mogogosiek wangelala bila maziwa kwa sababu ya karatasi yangu. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Hapana, Mama. Hamkusahau. Hakukuwa na mkutano."

Nikaeleza yote mbele yao: cyber, barua ya kazi, Beatrice. Madam Njoki akauliza, "Tulimwacha Beatrice aende kwa sababu ya hii?"

"Ndiyo, madam."

"Na huo uongo, ni mashine iliusema?"

"Mashine iliandika," nikasema. "Mimi ndiye niliweka sahihi."

Nilijua kazi imekwisha. Lakini Haleluya, nilipumua! Kwa mara ya kwanza tangu nipewe ile nafasi, hewa ilifika chini kabisa ya kifua. Mama Chelang'at alikuja akanishika mkono, akanikalisha kwenye benchi kama mgonjwa.

Nilisimamishwa kazi. Nikaenda Fort Ternan kumtafuta Beatrice, nikamkuta akipalilia mahindi. Nilipomaliza kusema aliegemea jembe. Akasema, "Kusamehe nitasamehe, Mungu ameniamuru. Lakini leo bado nina uchungu. Kunywa chai, halafu uende." Nikanywa, nikaenda.

Yeye alirudishwa, na ile nafasi yangu akapewa. Huko nyumbani alikuwa amejifunza AI kwa simu yake, kidogo kidogo. Alipoulizwa kama anaweza kufanya kazi nami, alifikiri wiki nzima. Sasa niko chini yake, kwa mkataba mfupi. Ananifundisha, na si mpole! Mashine ikiandika ukurasa, anaweka kidole kwenye kila mstari na kuniuliza, "Hii nani alikuambia?" Nikikosa jina la mtu, anaufuta, ananituma nikaulize. Mogogosiek nimerudi mara nne. Maziwa ya jioni yamebaki nyumbani.

Sitawadanganya kwamba hofu imeisha. Mkataba wangu unakaribia mwisho, na kuna wanaosema hata huyo msimamizi mmoja siku moja hatahitajika. Labda ni kweli. Sijui. Kuna asubuhi naamka na hofu ile ile. Tofauti ni kwamba siku hizi namwambia Mungu hivyo hivyo ilivyo, na Emily anajua, na ofisi inajua ninachojua na nisichokijua. Namshukuru Mungu kwa hilo. Namshukuru kwa Mama Chelang'at, na kwa Beatrice anayenivumilia.

Nawe uliyeketi hapo, mwalimu, karani, msimamizi kama mimi, labda kuna jambo umeandika na si kweli, na kila siku unalilinda. Mimi sina ahadi kwamba utabaki na kazi. Lakini Yesu hajawahi kumfukuza mtu aliyekuja na ukweli. Usingoje kuulizwa mbele ya watu. Mchungaji yuko hapa, nami niko hapa. Njoo, tuanze na lile neno ambalo ni gumu kusema: "Nilidanganya."