Dumu la Kijani

Sogeeni karibu, wanangu, nisikilizeni sauti ikiwa bado inanitii. Binti yangu, acha hiyo mito. Mito haijamponya mtu tangu dunia iumbwe. Na wewe mwanangu kaa chini, usisimame mlangoni kama mteja mwenye haraka.

Nyumba hii ni yenu wawili, msiiuze wala msiigawe kwa ukuta. Karakana na vyombo vyake ni vya binti, maana ndiye aliyenishikia spana miaka yote, wewe kaka yake ukiikimbia harufu ya petroli. Usinune, baba, unajua ni kweli. Lakini ile mashine ya kufyekea inayoning'inia ukutani msiigombanie. Ina mwenyewe, nami nitawaambia ni nani, ingawa kusema neno hili kunaniuma kuliko ugonjwa.

Kichaka cha nyuma ya nyumba mnakijua. Ng'ambo yake, hatua sitini tu, anaishi baba yenu mdogo, seremala. Mlipokuwa wadogo palikuwa na njia nyeupe pale, mkiamka huku mnakwenda kunywa chai kule. Mmekua mkiambiwa kwamba aliniulia mashine, nikamfukuza, njia ikaota majani. Nani aliwaambia? Mimi. Sasa nisikilizeni mimi huyo huyo.

Siku ile nilikuwa nimeingiza kichwa kwenye pampu ya mteja. Baba yenu mdogo akaja kuazima mashine, akanyanyua dumu la kijani, akaniuliza, "Kaka, hili lina mafuta?" Nikamjibu bila hata kuinua uso, "Lina mafuta, nenda." Yeye, mtu wa mbao, alikuwa akiulizia ile oili inayochanganywa na petroli, kwa kuwa mwenyewe nilimfundisha kwamba bila oili mashine hii inakufa. Mimi nilisikia petroli. Neno moja, vitu viwili! Akafyeka robo saa, injini ikalia mara moja ikakwama, pistoni imekwaruzika yote. Nikamtukana mbele ya wateja, nikamwambia ana mikono ya kuua, asiguse tena kitu changu. Alisema neno moja tu: "Nilikuuliza, kaka." Akaondoka kwa njia ile, asirudi.

Siku ya tatu nikalinusa dumu: petroli tupu. Chupa ya oili ilikuwa rafuni, haijafunguliwa hata kizibo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa ulimi, fundi wa miaka thelathini! Niliona aibu, wanangu, aibu ya kijinga, nikanyamaza wiki, wiki ikawa mwaka, na sasa ni miaka kumi na mmoja. Siku ya maziko ya mama yenu alizunguka kwa barabara, akanipa mkono kama mgeni, na bado sikusema.

Mashine niliitengeneza, nikaitia pistoni mpya. Kila mwanzo wa mwezi nimekuwa nikiiwasha hapo uani, dakika tano, bila kukata hata jani moja, ili asikie tu kwamba imepona. Kisha namwaga petroli, naiacha ingurume mpaka izime yenyewe, nafuta plagi, naosha chujio la hewa, naitundika. Mlipokwenda kwenye maisha yenu, mazungumzo yangu yalikuwa hayo. Yeye naye asubuhi hukohoa, nami humsikia. Najua mafua yake yote. Nimekuwa mpweke, wanangu, siwafichi. Hatua sitini, na nimeshindwa kumwambia pole.

Basi fanyeni hivi, leo hii, jua halijawa kali. Petroli lita moja, oili vizibo viwili, mtikise dumu. Tangulieni na panga na fimbo, mtoe seng'enge na chupa zilizojificha, maana kisu kikigonga chuma hakichagui mguu wa nani. Vaeni buti na miwani. Kateni kutoka kulia kwenda kushoto, halafu mng'oe visiki, kwani kichaka kilichofyekwa juujuu hurudi. Msizunguke kwa barabara! Tokeni mlango wetu wa nyuma mpaka mlangoni kwake, mumkabidhi mashine, ni yake. Mwambieni kosa lilikuwa langu, na mseme mbele ya watu, maana nilimtukana mbele ya watu.

Maji, binti... Basi, yametosha. Fungueni dirisha, nataka kuisikia ikiwaka.

Mungu awape ndimi nyepesi za kuomba radhi. Mkikosana asubuhi, adhuhuri isiwakute... isiwakute hamsemezani. Radhi yangu mnayo, nyote wawili.

Nendeni. Ngojeni... Yule namjua. Atalishika dumu kwanza, atauliza, "Lina mafuta?" Mwambieni... kaka yako amesema... yote mawili.