Aliyetufundisha Kutazama Bila Sauti

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu waliofanya kazi na marehemu, na wanafunzi wake ambao naona mmejaa mpaka kwenye ngazi, mimi ninayesimama mbele yenu ni mdogo wake wa kiume, wa pili na wa mwisho kwa mama yetu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu. Karatasi niliyokabidhiwa jana ina ukurasa mmoja na nusu, imeandikwa na shemeji yangu, mume wa marehemu, aliyekaa pale mstari wa mbele, na nasema wazi kwamba tarehe zote ni zake na zote ni sahihi, kwa kuwa shemeji ni mkaguzi wa mizani na mtu wa kazi hiyo hakosei namba. Mengine ni yangu. Mkiona nimeinua macho kutoka kwenye karatasi, jueni hapo naongea mimi, na mwenye neno ataniona nikimaliza.

Dada alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Mei 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako baba yetu alikuwa karani wa stoo na mama alikuwa akishona sare za shule sebuleni. Mimi nilifuata miaka minne baadaye, na kwa kuwa mama hakuinuka kwenye cherehani kuanzia asubuhi mpaka jioni, aliyenibeba mgongoni, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na aliyekula viboko vyangu siku nilipovunja dirisha la mwenye nyumba, ni yeye. Hilo halimo kwenye karatasi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza 1975, akaingia sekondari ya bweni 1976 na kumaliza 1981, akasoma ualimu kuanzia 1982 hadi 1984, akafundisha miaka minne, kisha mwaka 1988 akajiunga na chuo kikuu kusomea saikolojia, akahitimu Novemba 1991. Nakumbuka mama alipoambiwa saikolojia ni nini alishika kiuno, akauliza kama ina maana mwanawe atashinda na wehu, na dada akamjibu kwamba wehu watakuwepo, ila wengi watakuwa wale wanaojiona wazima. Tulicheka sana siku hiyo, nikidhani anawasema watu wengine.

Januari 1992 aliajiriwa kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, akapewa chumba ghorofa ya pili chenye meza ya miguu mitatu na tofali, na hapo ndipo alipoanza ufundishaji wake uliowaleta ninyi nyote hapa leo. Aliona wanafunzi wanakariri nadharia kama mashairi na kuzisahau wakitoka mlangoni, basi mwaka 1999 akabeba televisheni yake mwenyewe mpaka darasani, akawawekea tamthilia aliyoirekodi nyumbani, na kabla hawajasikia neno hata moja akaizima sauti. Alisema mdomo umezoea kudanganya, lakini hakuna mtu anayeweza kudanganya kwa macho, mabega na vidole vyote kwa wakati mmoja. Wanafunzi wake naona mnatabasamu, maana mnaijua kauli yake: punguza sauti, utaona nani anamwogopa nani. Ni baada ya hapo tu ndipo sauti ilirudishwa, na nadharia zikaletwa, huyu mhusika kwa nini anang'ang'ania, yule kwa nini anakimbia anayempenda.

Mwaka 2006 kituo cha televisheni kikamwita, kikampa dakika kumi na tano kila Alhamisi baada ya tamthilia ya saa moja jioni, awaeleze watazamaji kwa nini wahusika wanafanya wanayoyafanya, na kwa miaka kumi na mitatu hakuna saluni wala kituo cha basi ambako dada yangu hakutajwa. Waandishi wa tamthilia nao wakawa wanampigia simu kabla ya kuandika, wamuulize mtu fulani akibanwa hivi atafanya nini. Wenye kumbukumbu hamjamsahau mke wa fundi saa katika tamthilia ile, yule aliyewatoa watu povu nchi nzima, kwa sababu mumewe hakuwa mlevi, hakuwa na mkono mwepesi, hakumnyima kitu, alinyamaza tu, wiki nzima, mwezi mzima, kisha siku moja asiyoitarajia anarudi na kitenge na maneno matamu. Watu walimtukana yule mama, wakamwita zuzu, wakauliza kwa nini haondoki, ana miguu mibovu? Dada akawaeleza habari za panya wa maabara, kwamba panya anayepewa punje kila akibonyeza kitufe, siku punje zikikatika atachoka na kuondoka, na asiyepewa kabisa naye ataondoka, lakini yule anayepewa leo, akanyimwa siku kumi, akapewa tena bila kujua lini, huyo atabonyeza mpaka afe. Nikasema sebuleni kwangu, dada yangu ana akili jamani.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1992, na hapa naisoma karatasi kama ilivyo: "Waliishi kwa amani na utulivu kwa muda wa miaka thelathini na miezi mitatu." Utulivu naukubali. Ulikuwepo utulivu wa kijiko kusikika kinapogusa kikombe, kwa kuwa shemeji yangu akiudhika alinyamaza, na sababu hakuitaja, na asiyetajiwa kosa hulitafuta mwenyewe, katika chumvi, katika kicheko alichocheka mbele ya wageni, katika namna alivyofunga mlango. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, sawa, lakini mimi niliambiwa kuhusu kunguni hao, na sina pa kujificha.

Jumapili, tarehe 17 Agosti 2008, dada alikuja kwangu na begi moja na mwavuli, akakaa jikoni, akatueleza mimi na mama kwamba hajasemeshwa kwa siku sitini na sita na kwamba hataki kurudi. Tukamuuliza kama amepigwa, akasema hapana. Tukamuuliza kama kuna mwanamke mwingine, akasema hapana. Mama akasema mwanangu, wenzio wanatafuta mume mkimya kwa tochi, na mimi niliyebebwa mgongoni nikasema kunyamaza si kosa, na kwamba mtu maarufu kama yeye atatuaibisha. Siku ya Jumanne nilimpakia kwenye gari langu na begi lake, na njiani alisema sentensi moja tu, "Atanisemesha mpaka Ijumaa," nikaidhania mzaha, nikacheka. Shemeji alitufungulia mlango akitabasamu, akanikaribisha chai, nami nikasema kwa mdomo huu huu, "Shemeji, nimekurudishia mtu wako," tukapeana mikono.

Mwezi mmoja baadaye, Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2008, katika tamthilia mke wa fundi saa alikimbilia kwa mdogo wake wa kiume, na mdogo wake akamrudisha kwa mumewe. Nchi nzima ilimlaani kijana yule, na mimi kochini nikamlaani kuliko wote, nikamwambia mke wangu kwamba mwanamume mzima anayemrudisha dada yake kwenye jumba lile ni mpumbavu. Kisha dada akatokea kwenye kioo, na blauzi yake ya bluu, akasema maneno ambayo binti yake ameyakuta wiki hii kwenye daftari, nami nayasoma kama yalivyoandikwa: "Msimchukie kijana huyu. Mtu akitenda jambo linalomchoma, mara nyingi hatalibadilisha jambo, atabadilisha sababu zake mpaka zikome kuchoma. Msikilizeni kuanzia wiki ijayo, atasema shemeji yake ni mtu mpole." Ndugu zangu, mwezi ule wote nilikuwa nikiwaambia watu kazini kwangu kwamba shemeji yangu ni mtu mpole.

Sikuona kitu. Nilinyanyua simu nikampigia, nikampongeza, nikamwambia leo amemchambua yule mpumbavu kama karanga. Akaniuliza, "Asante, mdogo wangu. Uliangalia na sauti?" Nikajibu ndiyo, bila sauti ningesikiaje, akaniaga vizuri tukakata simu.

Dada alijaliwa mtoto mmoja, binti aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1994, ambaye leo ni mfamasia, na ndiye aliyenikabidhi kalenda kumi na tano zilizokuwa nyuma ya kabati la vyombo. Kila siku ya kimya ina nukta ya penseli kwenye kona, ndogo, ya mtu asiyetaka ionekane. Kwenye kalenda ya 2008 nukta zinaanza upya Jumamosi, tarehe 23 Agosti, yaani mpaka Ijumaa alisemeshwa, kama alivyosema, na jioni ile niliyompigia simu kumsifu ilikuwa nukta ya ishirini na saba. Binti ananiambia waandishi walimuuliza mama yake, mbele yake, mdogo wa mhusika atafanya nini dada yake akimkimbilia, naye akawajibu bila kufikiri, "Atamrudisha." Wapo watakaosema mganga hajigangi, kwamba alijua ya watu akashindwa yake. Si kweli, aliyajua yake vizuri kabisa, akatueleza kila Alhamisi kwa miaka kumi na mitatu, nasi tukapiga makofi.

Kuhusu ugonjwa, mwaka 2015 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akawa anatumia dawa bila kukosa. Jumatatu, tarehe 6 Machi 2023, saa moja na nusu asubuhi, alianguka jikoni kwa kiharusi. Ilikuwa nukta ya kumi na tisa. Shemeji alikuwa chumba cha pili akifunga tai, akasikia sufuria ikianguka, akasubiri kidogo, akachukua mkoba wake akaenda kazini, na hili simsingizii, alimweleza daktari mwenyewe nami nikiwepo, akisema, "Nilidhani anataka nianze mimi kuongea." Aliyemkuta ni jirani yake msusi, aliyesikia harufu ya kuungua saa nne, na dada akafariki hospitalini Jumamosi, tarehe 11 Machi 2023, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Shemeji, sisomi haya nikuaibishe peke yako, kwa maana wewe ulinyamaza, lakini begi nililirudisha mimi.

Juzi mchana niliitafuta video ya sherehe ya mama ya kutimiza miaka themanini, ambayo nimeiona zaidi ya mara kumi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilichukua rimoti nikaizima sauti. Dada anacheka mara saba katika video ile, na kila mara, kabla ya kucheka, anamtazama kwanza mumewe. Mara saba, nimehesabu. Baada ya hapo ananitazama mimi, na mimi nimeelekea upande mwingine, na sahani mkononi, naongea.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa siku tano, namshukuru jirani msusi, aliyevunja kitasa asingoje ruhusa ya mtu, nawashukuru wakufunzi wenzake na watu wa kituo cha televisheni, nawashukuru wanafunzi, na nawaombeni mkifika makwenu mzime sauti siku moja, si ya televisheni, muwatazame watu wenu wanavyokaa mezani.

Dada, karatasi hii inasema uliishi kwa amani. Ulichoishi nacho ni kimya, nasi tukakiita amani kwa sababu hakikutupigia kelele. Pumzika sasa, mama yangu wa pili uliyenibeba, na amani yenyewe uipate huko, maana hapa uliniomba na mimi nikakurudisha.