Kifaa Kilichokatazwa Kulala

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu unayestaafu leo, mama yetu unayemvumilia nyumbani kama sisi tulivyomvumilia ofisini, ndugu wageni waalikwa, na mafundi wenzangu mliopewa viti vya nyuma karibu na spika inayokoroma, habari za mchana.

Nimeombwa, mimi mhandisi wa vihisio, niseme mema matupu. Kazi nyepesi. Nani hapa hajui wimbo wake wa kila asubuhi, "Kazi ionekane"? Ndiyo maana karakanani tunamwita Bwana Ionekane, kwa mapenzi makubwa, mlango ukiwa umefungwa.

Tulipofukia vihisio ndani ya ukuta wa bwawa, vitushtue ukuta ukianza kupasuka, tulichagua chipu ambayo haizaliwi na kazi moja ikafa nayo. Saketi zake unazipanga upya kwa redio, hata ikiwa imeshafunikwa na zege. Tukaipangia kazi moja ndogo: isinzie, ikisikia mtikisiko iamke, itume habari, irudi kulala. Betri ndogo tu ingeitosha miaka na miaka.

Bwana Ionekane akaja kukagua. "Mbona kimelala?"

"Mzee, ndiyo kazi yake."

Alicheka hadi akashika kiuno. "Mhandisi, hata vifaa umevifundisha uvivu?"

Ikaamriwa chipu zipangwe upya, zikeshe, na ziwashe taa za kijani juu ya ukuta ili wageni waone. Na wageni, haki ya Mungu, wameona! Wamepiga na picha. Mimi ni nani hata niulize taa ya kijani inausaidia nini ukuta?

Ila betri, kwa utovu wao wa nidhamu, zinakwisha. Zikizima, redio haitafika popote, itabidi tuchimbue zege, na sijamwona bado mwenye akili timamu anayetoboa ukuta wa bwawa lililojaa. Mvua kubwa iko njiani. Kila nilipoomba ruhusa ya kuzipanga upya zirudi kulala nilijibiwa, "Usituharibie maonyesho." Kesho kiti hiki kitakuwa kitupu, mrithi hajateuliwa, na kiti kitupu hakitoi ruhusa. Ndugu zangu, naogopa. Hilo silisemi kwa mzaha.

Nimalizie kwa sifa. Mkurugenzi amejenga nyumba ya kustaafia, nyumba ya kupendeza, yenye baraza pana. Iko wapi? Bondeni, chini ya bwawa hilohilo! Barazani utaziona taa zako vizuri kabisa. Lakini Mzee, siku ukuta ukianza kupasuka nawe umelala fofofo, wa kukuamsha ni huyuhuyu uliyemkataza kulala.

Fundi wetu amekaa pale mlangoni, kompyuta mapajani. Anasubiri utikise kichwa tu kukubali. Usimtazame mgeni rasmi, Mzee, haishi bondeni. Mtazame mkeo.

Mama, asante kwa kumkanyaga mguu. Ametikisa! Fundi, bonyeza.

Mnaona? Hata kile kihisio cha maonyesho kilichowekwa hapo meza kuu kimezima taa. Msisikitike, ndiyo kwanza kimeanza kazi. Mzee, nenda kapumzike salama, na Mungu akujalie maisha marefu ya kutoonekana.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa pigeni makofi, meza itikisike, msikie kompyuta ya fundi inavyopiga kelele.