Mkunjo wa Kiwiko Changu

Mwangaluka, ndugu zangu. Wa kanisani na wa msikitini, nimewasalimu wote kwa mpigo mmoja, kila mtu achukue salamu yake. Mwenyekiti ameniwekea kiti hapa mbele ili nikae niseme vizuri. Nashukuru sana, lakini kiti hicho mpeni mama yule aliyesimama mlangoni. Mimi nikikaa maneno yanakwama. Nitazungukazunguka hapa hapa, mnivumilie.

Nimeombwa nizungumzie mkono huu wa kulia. Wengi wenu hapa Segese mmenikuta nikiwa nao hivi, na nasikia wapo wanaodhani nilizaliwa nao. Sikuzaliwa nao, jamani. Nilizaliwa na mikono miwili mizima, na mama yangu aliichapa yote miwili bila upendeleo. Majina ya watu sitayataja. Wenyewe wanajijua, na mmoja naona ameshaanza kuinamisha kichwa pale nyuma. Usiogope, kaka.

Mimi nilikuwa fundi wa matimba, kwenye machimbo ya upande wa Masumbwe. Kwa mama zangu wa biashara ambao hawajawahi kushuka chini: duara ni lile shimo letu la kuchimbia, na matimba ni magogo tunayoyapanga kwenye kuta zake ili udongo usiporomoke. Shoka langu lilijulikana. Mtu akifungua duara jipya, ananitafuta kwanza mimi. Nilikuwa naipenda kazi ile kupita kiasi, nawaambia ukweli. Hata siku za mapumziko nilikuwa nakwenda kugonga magogo nisikie kama yamebana.

Asubuhi moja nashuka kukagua, mguu ukateleza kwenye gogo lililolowa, nikatua kwa kiwiko. Nilisikia mfupa ukisagika. Waliponipandisha juu, mke wangu alikuwa ameshafika, amejifunga khanga kiunoni.

“Baba Kulwa, twende hospitali.”

“Hospitali watakata mkono,” nikamwambia.

Nani aliniambia watakata? Hakuna. Ni maneno tu yanayotembea machimboni, na sisi tunayabeba. Akaitwa mzee anayeunga mifupa. Akaunyoosha mkono, akaufunga mabanzi ya mti kutoka kwapani hadi huku chini. Simlaumu mzee yule, maana aliniambia vizuri kabisa: “Nitarudi nilegeze, tuanze kuukunja kidogo kidogo.” Lakini haikupita muda, duara moja likatema dhahabu mbali huko, watu wakahama, na mzee akahama na wateja wake.

Sasa sikilizeni kosa letu sisi wachimbaji, maana mtu wa mjini asingelifanya. Muda wa kulegeza ukafika, mke wangu akataka kufungua. Nikamkatalia. Sisi tunajua timba likishabana haliguswi. Ukilitoa, ukuta unakuja wote. Wenzangu wakija kunijulia hali, hawakuniuliza nimekula nini. Walikuwa wanagonga mabanzi kwa kidole, wanatega sikio. “Bado yamebana vizuri, fundi. Usiruhusu mtu aguse.” Mmoja akaja na banzi lake jipya, amelichonga mwenyewe kwa upendo, akaliongeza juu ya yale mengine. Tukafurahi!

“Huo ni mkono, sio duara,” mke wangu akasema.

“Wewe hujui matimba,” nikamjibu. Na wote waliokuwepo wakacheka upande wangu.

Ndugu zangu, mahindi yaliyopandwa nikiwa kitandani yalivunwa mabanzi yakiwa bado mkononi. Tulipofungua, mkono ulikuwa mwembamba, umenyooka kama mpini wa jembe. Nikauambia ujikunje, ukakataa. Wenzangu wakachemsha maji ya chumvi, wakanipaka samli, mmoja akashika bega, mwingine akavuta. Nililia mbele ya watu, mimi baba wa mapacha. Kiwiko kikavimba, na kilipopoa kikawa kigumu kuliko mwanzo. Wakaanza sasa: amerogwa, kuna mkono wa mtu, kuna jirani anamwonea wivu. Nilitaka kupigana na kila aliyesema, lakini mtu unapiganaje na mkono ulionyooka?

Na mimi nawaambieni jambo ambalo sikuwahi kulisema hadharani. Maumivu yaliisha. Kilichonitesa ni ugali. Mkono huu ulikuwa unafika kwenye bakuli bila shida, unamega tonge, unalichovya kwenye mlenda vizuri kabisa, halafu basi. Haurudi mdomoni. Jaribuni hapo mlipo, nyoosheni mkono msikunje kiwiko, halafu mjilishe. Mnaona? Mama, acha kucheka, jaribu. Na mkono wa kushoto huwezi kuuingiza kwenye bakuli la watu. Kwetu hapa Mkristo, Muislamu, hata asiye na dini, wote watakutazama.

Nikaacha kula na watu. Kwa mama ntilie nilikuwa nanunua chakula, naenda kusimama nyuma ya banda, nakula kwa mkono wa kushoto, nimeupa ukuta uso. Nyumbani Kulwa na Doto wakiitwa kula, mimi nakumbuka nina mtu wa kuonana naye. Nilikuwa natembea tu. Kutoka machimbo haya hadi yale, naangalia maduara ya wengine, nawakosoa matimba yao, nafukuzwa, nasogea mbele. Usiku najigeuza, mkono unagonga ukuta, naamka na hasira. Shoka nalo halikunyanyuka. Nilikuwa na woga mkubwa, ndugu zangu. Niliogopa kwamba mimi ndio nimekwisha, na nilikuwa natembea ili nisikae na huo woga.

Siku moja akaja kaka mkubwa wa mke wangu, anaishi Geita mjini, pale Kalangalala. Mke wangu akapika kuku. Maji ya kunawa yakaletwa, nikasema nimeshiba.

“Shemeji,” akasema, “umekataa chakula cha dada yangu mbele yangu?”

“Sijakataa.”

“Basi kula.”

Mke wangu akaanza kulia, ndipo mimi nikasema yote, hadi habari za nyuma ya banda. Shemeji hakunipa pole. Alimaliza kunawa, akala haraka haraka, akasema, “Kesho unaondoka na mimi.” Nikaondoka naye.

Hospitali wakapiga picha. Daktari, dada mmoja mwenye sauti ya chini, akanionyesha. Mfupa wa juu na mifupa ya chini vimeshikana, vimekuwa kitu kimoja, pale katikati hapana tena kiungo. Akaniambia sehemu inayoteleza ilisagika siku niliyoanguka, na kule kukaa bila kukunjwa miezi yote kukamalizia. Nikamuuliza, utaukunja lini? Akasema hatanidanganya: kwa jinsi kiungo kilivyoharibika na kwa kazi zetu za nguvu, hawezi kuniahidi kiwiko kinachocheza. Anachoweza ni kuukata mfupa ulioshikana, kuupinda, na kuufunga tena kwa chuma. Utakaa hapo alipouweka, maisha yangu yote.

“Nimetoka Masumbwe nifunguliwe, wewe unanifunga tena?” nikamwambia, na sauti ilipanda.

“Ndiyo,” akasema. “Lakini safari hii utachagua mwenyewe ufungwe wapi. Niambie unataka mkono huu ufanye kazi gani.”

Nilitoka nje, nikazunguka jengo lile kama ng'ombe aliyepotelewa na zizi. Nikarudi. Nikatoka tena. Askari wa getini akaniuliza kama kuna mgonjwa wangu amefariki.

Kijana wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenituliza. Akanitengenezea vibanzi vya plasta vya kuvaa na kuvua, vya mkono wa kushoto, ule mzima, maana wa kulia haukunjiki ukajaribiwa. Kimoja kimekunjwa kidogo, kingine kimekunjwa sana. Akasema nenda navyo nyumbani, uishi navyo, ujue kila kimoja kinakupa nini na kinakunyima nini. Kwa shemeji nikageuka kichekesho. Kile cha mkunjo mdogo, nilishika shoka, mpini ukakaa sawasawa, nikapasua kuni za nyumba nzima kwa furaha. Tonge likaishia kifuani. Kile cha mkunjo mkubwa, tonge linafika mdomoni lenyewe, uso nanawa, kofia navaa. Shoka halina nafasi kabisa. Nikamwomba yule kijana anitengenezee cha katikati. Kikaninyima vyote viwili.

Nikaamua shoka. Nikampigia simu mke wangu, naye akapanda gari akaja. Nilimweleza mbio mbio, natembea uani kwa shemeji: fundi ni shoka, bila shoka watoto watakula nini, kula nitajua mwenyewe, nimeshazoea ukuta. Aliniacha nikamaliza.

“Baba Kulwa,” akasema, “shoka utamwelekeza mtu mwingine alishike. Huko kula kwako kwa kujificha utampa nani? Mimi na wanao tumechoka kula na nafasi yako.”

Nilikaa chini. Mimi, niliyekuwa siwezi kukaa! Sikujua kama walikuwa wananiachia nafasi. Miezi yote ile watoto walikuwa wanaketi huku wameacha pengo, halafu wanakula. Nilisikia aibu, na ndani ya aibu hiyo nikasikia na furaha, sijui niwaelezeje. Asubuhi nilikwenda kwa daktari nikamwambia, ufungwe ufike mdomoni.

Nikapasuliwa. Sitawadanganya kwamba nilikuwa mgonjwa mzuri. Nilisumbua wauguzi, nilitaka kutolewa chuma, nilitaka kurudi nyumbani na plasta. Lakini mfupa ukaunga pale tulipokubaliana. Kurudi kwetu, mke wangu alisonga ugali, akatenga kwenye stuli ili bega langu lisihangaike, na wanangu wakakaa. Nikamega, nikala. Doto akaniambia, “Baba, mbona unakula haraka, hakuna anayekunyang'anya.”

Shoka nimeliacha. Linaniuma mpaka leo, nisiseme uongo. Nikisikia mtu anapasua gogo vibaya, vidole vinacheza vyenyewe. Siku hizi nachagua miti, naelekeza, nakosoa, na sasa wananilipa kwa kukosoa kule kule nilikokuwa nafukuzwa.

Wabeja sana, mke wangu, upo hapo. Wabeja, shemeji, ingawa ulimaliza kuku peke yako. Nawashukuru yule daktari na yule kijana wa mazoezi, popote walipo. Na wewe kaka pale nyuma uliyeniletea banzi la nyongeza, nakushukuru pia. Ulikuja kila siku wakati wengine walishahama.

Ninachowaachia ni kidogo. Ukivunjika, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maneno ya kukatwa mkono yaacheni huko huko shimoni. Na anayekufunga, hospitali au kwa mzee, muulize kabla hajaondoka: utafungua lini, na tutaanza lini kuukunja? Kiungo kinachouma bado ni kiungo. Kikishanyamaza kabisa, ogopeni.

Nimemaliza, mwenyekiti. Najua desturi yetu, aliyeshuhudia anapewa mkono na wote. Lakini mkono wangu umefungwa karibu na uso, haunyooki kukufuata ulipo. Ukisimama mbali ukanipa wako, tutabaki tunatazamana tu. Kwa hiyo njooni. Mpaka hapa, kifuani kabisa. Sogeeni.