Kwa Nini Nilimwacha Salima Majini

Bwana apewe sifa, wasomaji wangu! Na ninyi mnaonisoma mkitoka swala, amani ya Mungu iwe juu yenu pia. Nawajua vizuri, maana ndio mnaoongoza kwa kulalamika. Aliyefungua ujumbe huu akitafuta sehemu mpya ya hadithi, atulie kwanza. Leo nina ushuhuda, na nawaomba msiruke mistari kama mnavyoiruka ninapoelezea mandhari.

Kwa mgeni aliyeongezwa kwenye kundi juzi: mimi naitwa Butoyi, wa Kasingirima, Ujiji. Kazi yangu ni kushona. Cherehani ikipumzika naandika hadithi kwenye simu, kipande kwa kipande, nanyi watu wa Mungu mnaisoma na kunitumia bando ili niendelee. Hadithi yenyewe inamhusu Salima, binti muuza mawese anayemtafuta baba yake ng'ambo ya ziwa. Mara ya mwisho nilimwacha kwenye dhoruba, mtumbwi umepinduka, kakumbatia dumu tupu, mawimbi yanampiga usoni. Nikaandika "itaendelea", nikalala usingizi mtamu. Nilijua mtakufa kwa arosto, kwa hamu ya kujua kinachofuata. Ndugu zangu, nilifurahi! Mwandishi wa hadithi za vipande hana raha inayozidi ile ya kuwaacha watu midomo wazi.

Sasa niwaambie habari za Bukuru. Kwetu Waha, mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Bukuru na anayefuata ni Butoyi, kama wengine wanavyosema Kulwa na Doto. Mimi nilikuja nyuma yake kidogo tu, lakini yeye anajihesabia kama alinitangulia miaka kumi, na mpaka leo ananituma maji ya kunywa kwa haki ya ukubwa. Bukuru ni mvuvi. Hana muda wa kusoma ninachoandika. Lakini kusimulia, mama wee! Ana kisa chake kimoja cha kuku aliyemleta kwa treni kutoka Tabora. Mkaguzi wa tiketi alivua kofia akaiweka kitini ili ajifute jasho, kuku akapanda, akataga humo humo. Mkaguzi akaivaa kofia. Kisa hicho Bukuru amekisimulia mwaloni wavuvi wakishusha samaki, amekisimulia harusini, na kwenye msiba mmoja tulilazimika kumfinya anyamaze. Mimi nikakichukua nikampa mjomba wake Salima, na mkacheka sana, wengine mkaniambia hapo ndipo nilipowakamata. Bukuru alipopata habari alikuja juu. "Umeuza kuku wangu bila kuniambia!" Nikamjibu kuku wa maneno hana mwenyewe.

Haikupita hata wiki tangu nimwache Salima majini, Bukuru akaingia ziwani peke yake. Mwenzake alikuwa na harusi ya dada yake, naye Bukuru hakutaka nyavu zikae bila kutazamwa. Jioni upepo ukaja na mvua, mabati ya mtaa mzima yakalia. Kulipokucha wavuvi wengine walirudi mwaloni mmoja baada ya mwingine, wamelowa, wanatetemeka. Bukuru hakurudi.

Vijana wa Ujiji na wa Kibirizi waliingia ziwani kumtafuta, Mungu awalipe. Waliukuta mtumbwi wake umeelea kifudifudi, injini haipo, nyavu zimejisokota. Mtu hakuwapo.

Ndugu zangu, mama yangu ni mwanamke wa maombi, haropoki. Siku mtumbwi ule ulipovutwa mpaka ufukweni, alinigeukia. "Butoyi," akasema, "uliandika. Uliandika mtumbwi umepinduka. Ulimi huumba, mwanangu. Si tumefundishwa kanisani?"

Hakusema kwa hasira. Angenipiga kofi ingekuwa nafuu. Maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawaza hivyo hivyo tangu asubuhi, na nilikuwa naomba mtu mwingine asiwaze. Nilikuwa nimekaa na simu yangu, nakunywa chai, natafuta maneno mazuri ya kumzamishia mtoto wa watu, na ndugu niliyelala naye tumbo moja akaenda kuyakuta maneno hayo majini!

Nanyi wakati huo mnaniandikia. Siwalaumu, hamkujua. "Dada, umetuua." "Dada, Salima akifa najitoa kundini." Kuna mmoja alituma picha ya mtu amelala mochwari, akaandika kwamba huyo ni yeye akisubiri sehemu mpya. Siku nyingine ningecheka mpaka nitoke machozi. Siku ile niliitupa simu kwenye kapu la vitambaa. Nilikuwa na nguo za Krismasi za watoto wa watu zimerundikana mpaka dirishani, magauni yenye malinda, vijisuti vya tai, na kila nilipoingiza kitambaa chini ya sindano nilimwona Bukuru. Sikuweza kula.

Mwishowe nikawaandikia ule mstari mmoja mlioupokea: Kaka yangu hajarudi kutoka ziwani, siandiki tena. Nilimaanisha. Nilikuwa nimeapa mbele za Mungu kwamba mkono huu hautaandika hadithi nyingine mpaka nizikwe.

Nyumbani watu wakaanza kujaa. Mikeka ya msiba ikaletwa, Mama akakataa isitandikwe. Jirani yetu Mama Shabani ndiye aliyekuwa naye muda wote. Wazee wake Mama Shabani walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, yeye amezaliwa hapa hapa Ujiji. Alitupikia, alitutekea maji, na wakati wa swala alitandika mswala wake chumbani kwetu, chini ya kalenda ya kanisa, akaswali. Huyu Shabani ni mtoto wake. Aliingia ziwani miaka mingi iliyopita na hakuonekana tena, wala yeye wala chombo. Mtaa mzima unamwita mama huyu kwa jina la mwanawe kila siku, dukani na bombani, naye anaitika.

Kisha wazee wa kanisa wakaja, kwa upole tu, kutushauri tufanye ibada ya kumuaga Bukuru, ili familia ipumzike kabla ya sikukuu. Mama aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Basi." Ndugu zangu, neno hilo lilinikata maini! Mama yangu, aliyewahi kufunga na kuomba kwa ajili ya mbuzi aliyepotea, alikuwa amechoka kumngoja mwanawe.

Ni Mama Shabani aliyejibu. Alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi. "Wazee wangu, shikamooni. Wangu tulimuaga upesi upesi, watu walisema nitapumzika. Sikupumzika. Subirini hata Jumapili ipite." Wazee wakachukua kofia zao, wakaaga.

Basi nikapiga magoti pale pale penye cherehani, vipande vya nyuzi magotini. Sikuomba maombi mazuri. Nilisema, "Bwana, kama ni mimi niliyemtumbukiza, nihukumu mimi, yeye mrudishe. Na kama si mimi, niondolee huu mzigo." Nikalia kama mtoto. Halafu nikainuka, nikaendelea na malinda, kwa sababu Krismasi ya watoto wa watu haingoji.

Sasa sikilizeni Mungu anavyofanya kazi!

Mchana wa Jumamosi ile, kapu la vitambaa likalia. Ujumbe wa sauti, kutoka namba ya Kongo. Nikadhani ni msomaji mwingine mwenye arosto, nusura niuache. Nikaufungua. Sauti ya mwanamke, upepo unavuma, anahema kama aliyepanda mlima.

"Dada Butoyi, ni miye Furaha, musomaji wako wa huku ng'ambo. Kuko mutu hapa kwetu. Wavuvi walimutoa kwenye maji, alikuwa na homa mukali. Sasa amepata nafuu, anatupigia stori ya kuku ya kwenye treni. Nikamwambia, we mwizi, hiyo ni stori ya dada Butoyi! Akakasirika sana. Anasema ni dada ndiye alimwibia. Nikamuuliza, jina lako nani? Akasema Bukuru. Dada, mapacha mumoja Butoyi, mwingine Bukuru, miye nitakataa namna gani? Njooni mumuchukue mutu wenu, anatumalizia ugali."

Haleluya! Nilipiga yowe, mteja aliyekuja kupimwa gauni akakimbilia nje na sindano begani. Nikampelekea Mama simu. Akasikiliza, akasikiliza tena. Akasema, "Ni yeye. Nani mwingine angeletwa kutoka kaburini akaanza na kuku?" Akacheka, na katikati ya kucheka akaanguka kifuani kwangu, tukalia sote wawili mpaka majirani wakadhani maiti imepatikana.

Mtaniuliza kwa nini hakupiga simu. Nami nilimuuliza, tena kwa ukali! Simu yake ilizama. Na namba ya nyumbani hakuijua kichwani, si yangu wala ya Mama, kama ambavyo ninyi mnaosoma hapa hamzijui namba za mama zenu. Upepo ulimsukuma usiku kucha akiwa juu ya ubao. Wavuvi wa upande wa pili wakamwokota, wakampeleka kwenye kijiji chao ambako mtandao unashikwa mlimani tu. Furaha hupanda huko siku za soko kupakua hadithi yangu, kisha akishuka anawasomea wanawake wenzake wakianika dagaa. Ndiyo maana kisa cha kuku alikuwa nacho kichwani neno kwa neno. Siku ile alipanda ili anishitakie mwizi. Badala ya sehemu mpya akakuta mstari wangu: Kaka yangu hajarudi kutoka ziwani. Anasema alikaa chini kwanza ndipo akarekodi.

Ndugu zangu, mimi sijui kama ulimi unaumba dhoruba. Wachungaji watalijadili. Ninachojua ni kwamba nilifungwa na maneno yangu mwenyewe, nikaamini Mungu ameyachukua kuwa fimbo ya kunichapia, kumbe yalikuwa yameshatangulia ng'ambo, yamekaa kwenye masikio ya mwanamke anayeanika dagaa, yanamngoja kaka yangu. Nimefunguliwa! Ninakula, ninalala, ninaandika.

Mlioniombea bila kunijua sura, Mungu awazidishie. Mliochangia nauli yake kwenye boti ya mizigo, mmenipa zawadi ambayo sitaweza kuirudisha, nami sitajaribu. Furaha, nakushukuru kwa kunipigania nisiibiwe hadithi.

Boti ilipotia nanga tulikuwa sote pale, Mama amevaa kitenge chake cha ubatizo. Bukuru alishuka amekonda, amevaa shati la mtu mnene. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Sasa utanilipa kuku wangu." Mama alimshika masikio yote mawili, akamtazama. Kisha akanigeukia mimi. "Na yule binti," akasema, "mtoe majini kabla ya Krismasi. Mtoto wa watu ameloa vya kutosha." Nimetii. Jana Salima alifika ufukweni salama, na wanaosema nimemwokoa kirahisi mno, malalamiko yapelekwe kwa mama yangu.

Lakini kuna jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike ushuhuda huu badala ya kuwatakia tu sikukuu njema.

Bukuru alipoingia uani, vigelegele vya kwanza vilikuwa vya Mama Shabani. Nilishindwa kumtazama. Niliona haya kwa furaha yetu. Alimkalisha Bukuru kwenye kigoda, akampa sahani ya ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, akasimama nyuma yake akimpapasa kichwa kama mtu anayetafuta jeraha. Baadaye nikamfuata jikoni, nikamwambia, "Mama Shabani, utusamehe." Akashangaa kweli. "Niwasamehe nini? Miaka yote hii nimeomba mtoto arudi kutoka ziwani. Amerudi. Mungu sikumchagulia arudi wa nani."

Ndugu zangu, nimekaa na maneno hayo tangu siku ile, na sijayamaliza. Najua wapo kati yenu wanaosoma haya wakiwa wanamngoja mtu. Aliyeondoka kutafuta maisha akanyamaza. Aliyekasirika akaenda. Aliyechukuliwa na maji. Siwezi kuwaahidi kwamba wa kwenu atarudi na shati la mtu mnene. Ningewadanganya, na kazi ya uongo naifanya kwenye hadithi tu. Ila nawaambia mtumainini Mungu, na msimngoje mtu wenu peke yenu. Niandikieni jina lake. Asubuhi ya Krismasi, kabla ya kanisa, Mama na Mama Shabani watakaa uani kwetu, mmoja na Biblia yake, mwingine na tasbihi yake, na watalitaja kila jina mtakalonitumia, moja moja, kwa sauti.

La kwanza tumeshakubaliana. Wataanza na Shabani.