Ushuru wa Mimba ya Mbuzi

Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha, nasi tulikuwa tunavuka Ruvuma kwa mtumbwi, tukirudi Songea kutoka upande wa Mreno. Ng'ambo alisimama askari wa Mdachi, akingoja ushuru wa kila bidhaa.

"Mbuzi huyo utamlipia, dada," alisema Kassimu, mchuuzi wa chumvi, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mwamvua, mwanamke aliyeshika kamba ya mbuzi, akacheka. "Nimlipie kwa lipi? Nilikimbia naye kutoka Songea nyumba zikiungua. Huyu si bidhaa, kaka. Anarudi kwao."

"Mbuzi, sawa. Lakini ana mimba, na beberu ni wa kule. Kilichomo tumboni ni mali ya ugenini, na mali ya ugenini hulipiwa."

Mimi nilikuwa nimekalia jora la kaniki, na mtu wa namna hiyo hajiingizi katika habari za ushuru.

"Kwa hiyo kinachohesabiwa ni baba?" aliuliza Mwamvua.

"Ndiyo sheria."

Mtumbwi ukagusa mchanga. Mwamvua akaweka kando furushi alilokuwa amelipakata, akasimama, na hapo sote tukaliona tumbo lake, kubwa kuliko la mbuzi.

"Na mimi nimeolewa kule," alimwambia Kassimu, ambaye ghafla alianza kutafuta kitu ndani ya chumvi yake.

Akashuka wa kwanza, akamvuta mbuzi, akapaza sauti.

"Hesabu vizuri, bwana askari! Tulikimbia wawili, tumerudi wanne!"